Mzee wa Dola na Karatasi ya Mahudhurio

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na miaka ishirini na mmoja, saa tano asubuhi, Chang'ombe, na lilikuwa neno moja. Nilipiga kelele "Mwizi!" nikimnyooshea kidole mwanafunzi ambaye hakuwa ameiba kitu. Kosa la pili ndilo baya zaidi. Niliujua ukweli kabla jua halijazama, nikanyamaza siku kumi na tisa, yeye akiwa amelazwa hospitalini na pingu mguuni, akingoja kupona ili ashtakiwe.

Najua nitajisema sana katika ukurasa huu, ndivyo nilivyo. Lakini ninayetaka kumwandika ni mzee aliyekuwa mwalimu wa mwanafunzi huyo, na kwa njia ya mlango wa nyuma, mwalimu wangu pia.

Tulimwita Dokta. Akiwa hayupo wanafunzi walimwita Mzee wa Dola, kwa sababu kila muhula aliufungua kwa swali lilelile: "Dola ni nini?" Alifundisha utangulizi wa sayansi ya siasa kwa mwaka wa kwanza, somo ambalo walimu wenzake walilikimbia maana darasa lilikuwa na watu wengi kuliko viti. Yeye alilipenda. Alisema mwaka wa tatu wameshajua kujibu, na mtu akishajua kujibu huwezi tena kumwonyesha kitu.

Mie sikuwa mwanafunzi. Niliishia kidato cha nne. Nilikuwa nachapa na kutoa kopi katika fremu ya duka la Bi Salma, hatua chache kutoka geti la chuo. Bi Salma alikuwa mama wa Kiarabu ambaye babu yake aliuza vitambaa Temeke, na yeye alikaa mlangoni kutwa na kikombe cha kahawa, akitukana wapita njia kwa sauti ya upole. Dokta alituachia notsi zake ili wanafunzi waje kutoa kopi. Mwandiko wake ulikuwa hausomeki, hivyo kazi yangu ilikuwa kuzichapa upya. Nilichapa kila ukurasa mara tatu au nne. Mstari ukipinda nafuta, doa likitokea natupa karatasi.

"We mtoto," Bi Salma aliniambia, "unachapa notsi au unaandika msahafu?"

Hivyo ndivyo nilivyosoma siasa. Siku moja nilijikaza nikamuuliza Dokta: kama dola lazima iwe na mipaka, wafugaji wanaohamahama wana nini? Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakutuma uniulize?"

"Hakuna, Dokta."

"Alhamisi saa mbili, ukumbi wa chini. Kaa nyuma. Wakikuuliza namba ya usajili, kohoa."

Nilikohoa mihula minne.

Somo lake la wiki ya pili lilijulikana chuo kizima, na kila mwaka hata waliolisikia kwa wenzao bado liliwashtua. Aliingia na fimbo ya mkwaju, akailaza mezani. Kisha akapita mstari wa mbele akiokota simu za watu, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni mwa koti. Akarudi, akaketi, akafungua gazeti.

Dakika tano. Watu wanacheka. Dakika kumi, hawacheki. Mmoja anasema, "Dokta, naomba simu yangu." Anajibu bila kuinua kichwa, "Kwa nini?" Binti mmoja anasema ni yake. "Ilikuwa," anajibu. Wengi walikaa tu wakitazama ile fimbo. Basi ndipo alipolikunja gazeti na kusema sentensi ambayo nimeichapa mara nyingi kuliko jina langu: "Dola ni yule anayekupiga, nawe unauliza nimekosa nini, badala ya kuuliza wewe nani."

Mwaka wangu wa pili wa kukohoa, kijana mmoja mrefu hakungoja sentensi. Aliinuka, akaichukua fimbo, akamchapa nayo Dokta begani, halafu mkononi, halafu usoni. Damu ikamtoka puani ikadondokea gazeti. Ukumbi ulilipuka, wengine wakimvamia yule kijana, viti vikaruka, mmoja akavunjika jino. Dokta alikuwa akicheka. Alikuwa amebana pua kwa leso, anacheka, anapiga meza kwa kiganja: "Mwacheni! Mwacheni! Sasa ndiyo tumeanza kozi!" Yule kijana alipata alama ya juu muhula ule. Jeraha la pua lilimwachia Dokta kovu dogo, naye alikuwa akiwaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha cheti.

Nilimwabudu. Nilidhani mtu anayeelewa ukatili namna ile hawezi kuwa nao. Nilikuwa sijamjua.

Kabla ya chuo alikuwa mwalimu wa sekondari bara, na huko alikuwa anachapa wanafunzi. Yeye mwenyewe alisimulia, bila kupunguza. "Nilikuwa nachapa kama mtu anayepura maharage," alisema. Alimpiga mwanafunzi mmoja kofi la sikio, na sikio lile halikusikia tena. Alisimulia hayo darasani kila mwaka, kisha anakaa kimya mpaka mtu aanze kujikuna. Lakini mtaani kwake Kimara aliingia katika kamati ya ulinzi shirikishi, wale wa virungu, na Jumamosi alionekana ana kirungu chake kipya, kimepakwa vanishi. Nilimuuliza vipi, baada ya yote aliyosimulia. Akasema, "Ukiona rungu, afadhali uwe unajua liko mkononi mwa nani." Niliona jibu zuri sana. Leo naona lilikuwa jibu la mtu anayependa rungu.

Siku moja mgambo walikuja kubomoa meza za mama lishe mbele ya chuo. Sufuria la maharage lilipinduliwa, mama mmoja akaungua miguu yote miwili, akawa anapiga mayowe huku wanamvuta. Dokta alitoka getini mbio, mzee wa umri ule, akamshika mgambo ukosi, akamtandika kofi ambalo tulilisikia mpaka kwenye mashine. Walimpiga. Walimpiga mbavu mbili zikapasuka. Alipolazwa nilikwenda na machungwa. Hakutaka pole. Alitaka kujua kama yule mgambo aliuliza "wewe nani" au "nimekosa nini".

"Hakuuliza kitu, Dokta. Alikupiga tu."

"Basi hata yeye haijui dola," alisema, akafumba macho, akaonekana ameridhika.

Sasa nifike nilikokuwa nikikwepa.

Asubuhi ile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Ezekiel, kijana wa Kasulu, mpole, alikuja kutoa kopi za notsi za Dokta. Alikuwa na mtihani wa majaribio saa tano. Mashine ilikwama karatasi. Nikaifungua, nikatoa karatasi, nikapanga rimu mpya na kuisukuma ndani ya droo ya mashine. Nilipogeuka simu yangu haikuwepo mezani, na Ezekiel alikuwa amechukua kopi zake na anakimbia kuelekea getini.

Sikufikiri. Hata nisingekuwa na haraka nisingefikiri. Nilitoka mlangoni nikapiga ile kelele.

Mtu asiyewahi kuipiga hajui inavyofanya kazi. Huipigi mara mbili. Dereva wa bodaboda alimziba njia kwa pikipiki, mwingine akamrukia mgongoni, na wanaume ambao dakika moja nyuma walikuwa wakinywa chai walitoka na matofali mikononi. Ezekiel alisema, "Nina mtihani! Nina mtihani!" Alisema hivyo mara tatu. Kisha tofali likampiga jicho la kushoto, na hakusema tena. Walimpiga kwa mnyororo wa baiskeli. Walimpiga kwa ubao wenye msumari. Mmoja alileta tairi, akamvisha shingoni, na mwingine alikuwa ameinama anafyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye pikipiki yake kuingia kwenye chupa ya maji.

Mie nilimpiga teke moja. La mbavu. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta kwa miaka. Naiacha sasa.

Dokta alitokea getini. Nilidhani atapiga kelele, au atampiga mtu, maana nilishaona anavyoweza. Hakufanya hivyo. Alipenya mpaka katikati, akiwa na karatasi ya mahudhurio aliyokuwa akiipeleka darasani na kalamu mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeita majina:

"Nani ameibiwa?"

Watu walimtazama.

"Nauliza, nani ameibiwa? Ajitokeze nimwandike."

"Mie, Dokta," nikasema.

"Andika jina. Na ulichoibiwa." Nikaandika. Akamgeukia wa karibu. "Na wewe? Jina, na umempiga na nini."

"Mzee, wewe ni polisi?"

"Mimi naandika tu. Umempiga na nini?"

"Sasa ya nini kuandikana, mzee?" alisema mwenye chupa, na chupa akaificha nyuma ya mguu.

"Kama ni haki, kuna aibu gani? Andika. Wewe hapo wa mnyororo, usiondoke, hujaandika."

Walipungua mmoja mmoja. Yule aliyekuwa anafyonza petroli aliwasha pikipiki. Wa mnyororo alitupa mnyororo mtaroni. Mtu mmoja tu, mwenda kwa miguu aliyekuwa akipita njia, alichukua kalamu kwa unyenyekevu akaandika jina lake kamili na neno "jiwe". Mpaka leo sijui alifikiri nini. Dokta akavua koti lake, akalilaza juu ya Ezekiel, akaketi chini pembeni yake barabarani mpaka polisi walipokuja. Na polisi walimchukua Ezekiel kama mwizi, kwa sababu jina langu lilikuwa la kwanza kwenye karatasi, na lilisema nimeibiwa.

Saa kumi alasiri droo ya mashine ilianza kutetemeka. Nilikuwa nimezima sauti ya simu kwa sababu sipendi kukatizwa ninapochapa. Ilikuwa juu ya rimu nilipoisukuma ndani.

Bi Salma aliiona mkononi mwangu. Aliweka kikombe chini.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga.

"Ukisema, watakuja hapa. Hao wa matofali ndio wateja wangu. Watasema umewafanya wauaji. Watakuchoma wewe, na fremu yangu nayo. Huyo mtoto hajafa. Kunywa maji."

Nilikunywa maji. Nilizima simu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaitia chini ya tenki la choo. Siku zilipita. Niliambiwa jicho limetolewa. Niliambiwa akipona atafikishwa mahakamani, na chuo kimemsimamisha. Nilikuwa nachapa kurasa kumi na sita kwa siku bila kosa moja. Sijawahi kuchapa vizuri namna ile.

Na Dokta alikuja kila siku kama kawaida. Alinisalimu, nikamwamkia, akaniachia notsi, akaulizia bei ya wino. Hakusema neno kuhusu Ezekiel.

Siku ya kumi na tisa alileta karatasi moja. Ilikuwa ileile ya majina, imekunjwa, ina tone la damu iliyokauka kama kutu kwenye kona.

"Nitolee kopi mia mbili na kumi."

"Ya nini, Dokta?"

"Ya darasani. Wiki hii tunaingia kwenye sheria." Akaiweka mbele yangu. "Lakini kwanza, hapa kwako pamebaki wazi. Umeandika jina na ulichoibiwa. Umempiga na nini hukujaza. Sipendi fomu isiyojaa, na najua wewe pia hupendi."

Nilichukua kalamu. Nikaandika: teke.

"Vizuri," alisema. "Na simu iko wapi?"

"Dokta?"

"Mtu aliyeibiwa huulizia. Wenye kuku wakiibiwa huulizia miezi. Wewe siku kumi na tisa hujaniuliza hata mara moja kama imepatikana."

"Ninayo," nikasema. "Ilikuwa kwenye droo. Nimejua siku ileile."

Akanipiga kofi. Nikaangukia mashine. Akanishika shati akanipiga la pili, na la tatu alilipiga kwa nyuma ya mkono, mdomo ukapasuka. Bi Salma alipiga yowe. Nilisema nisamehe, nisamehe Dokta, nimekosa, na nilipokuwa nikisema hivyo mkono wake ukasimama hewani.

Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ghorofa. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kulia, kwa sauti, mzee mzima, miwani imepinda. Bi Salma alimletea maji, naye hakuyaona.

"Sikio gani?" aliniuliza.

"Sikuelewa, Dokta."

"Nimekupiga sikio gani? Unasikia?"

"Nasikia."

"Sema tena."

"Nasikia, Dokta."

Tulitembea pamoja mpaka kituoni, mie na damu kifuani, yeye na karatasi. Afisa wa zamu alisoma, akanitazama.

"Kwa hiyo wewe umekuja kujishtaki? Umekula nini asubuhi?"

"Chapati," nikajibu, kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nao wakacheka chumba kizima. Dokta hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya karatasi akasema mtoto aliye hospitalini atolewe pingu kabla mtu yeyote hapa hajaondoka, na kama kuna haja ya mwingine wa kupigwa pingu, basi na yeye yuko, kwa sababu na yeye amepiga mtu leo. Hapo hawakujua wafanye nini naye. Alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa saba. Jioni pingu zilifunguliwa. Mie nililala mahabusu siku mbili, kisha mahakama ikanipa kifungo cha nje miezi sita, nikafagia zahanati Temeke. Wa bodaboda walivunja mashine ya Bi Salma kwa nyundo wiki hiyohiyo, na mie wakanivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Bi Salma alinifukuza, na alikuwa na haki.

Ezekiel hakurudi chuoni. Nilikwenda mara moja hospitalini na Dokta. Aligeukia ukutani. Dokta akaniashiria nitoke, nikatoka.

Somo la fimbo Dokta hakulifundisha tena. Nilisikia kwamba wiki ya pili ya muhula aliingia mikono mitupu, akaketi mbele ya watu mia mbili, akasema, "Nilikuwa na mfano. Haukuwa mzuri," akafungua ukurasa unaofuata.

Mwaka jana nilipanda Kimara kupeleka kazi ya uchapaji. Sasa nachapia nyumbani, kwa vidole vinane. Nilikuwa nateremka njia ya mtaani kwake nikasikia ugomvi. Dokta, amestaafu, amekonda, amevaa msuli na fulana, alikuwa amesimama kwenye msingi wa ukuta na panga mkononi. Mbele yake jirani yake, karani mstaafu mwenye tumbo, alikuwa ameshika sepeto kama mkuki.

"Umesogeza bikoni, jiwe la mpaka!" Dokta alikuwa anafoka. "Futi tatu! Umesogeza usiku kama nguchiro!"

"Nenda kafundishe hao watoto wako, mzee kichaa!"

Panga lilipanda. Sikumbuki kuamua. Nilijikuta katikati, mgongo kwa jirani, uso kwa Dokta.

"Toka."

"Sitoki, Dokta. Shikamoo."

"Nitakukata wewe kwanza."

"Sawa. Lakini sitoki."

Alinipiga kwa ubapa, begani, mara mbili, kwa nguvu yote aliyobakiwa nayo. Niliuma meno. La tatu halikuja. Panga likaanguka kwenye mchanga wa zege. Jirani alitema mate, akaingia ndani na sepeto lake. Dokta akakaa juu ya tofali akishika magoti.

"Marahaba," alisema baadaye sana.

Kisha nikamuuliza nililokuwa sijathubutu kumuuliza mtu kwa miaka: Ezekiel yuko wapi?

"Kwao. Alimaliza chuo kingine. Anafundisha uraia sekondari, jicho moja." Alipangusa miwani kwa fulana. "Nilimpigia. Nikamwuliza kama naweza kukupa namba yake."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwambie nimesikia kwamba alikwenda kituoni. Na asinitafute."

Nilisubiri aongeze kitu, mwalimu huongeza kitu. Hakuongeza. Nilimsaidia kuinuka, nikamwingiza ndani, nikalichukua panga lake nikalipeleka kwa mjumbe wa mtaa.

Sijamtafuta Ezekiel, na sitamtafuta. Bado naogopa kukosea, bado nafuta mstari uliopinda. Kilichobadilika ni hiki: nikimkosea mtu sasa, namwambia siku hiyohiyo, mbele ya watu, kabla hajaumia zaidi.